Barafu Ina Tumbo Lake

4 Januari, Jumapili

Nimepata kazi! Ni ya msimu tu, mpaka joto liishe, lakini ni kazi. Jua likianza kuchoma, kiwanda cha barafu huongeza watu, na dada mmoja niliyemzoea kliniki aliniombea nafasi. Wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Naanza kesho.

Shida ni Kifaranga wangu. Ana miezi mitano, na chakula chake ni mimi. Nesi alinielekeza vizuri: kamua, tia kwenye chupa iliyochemshwa, gandisha, bibi yake atayeyusha mtoto akiwa na njaa. Nimeshakusanya chupa za jemu zenye mdomo mpana na kuzichemsha zote.

Nilipomweleza mama mkwe, aliacha kukunja nguo. Tunaishi kwake. Mume wangu yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, anarudi akirudi.

"Maziwa ya kwenye friza?" akasema. "Mtoto huyu ni samaki?"

"Nesi amesema yanafaa, Mama."

"Huyo nesi ana watoto wangapi?"

Sikujua. Nikasema wengi.

Akakunja shuka moja polepole, kona kwa kona. Halafu akatoa hukumu. "Nenda. Ila mtoto akianza kukonda, hata kidogo, barafu yao watatengeneza wenyewe. Tumeelewana, Mama Kifaranga?"

Nikasema tumeelewana. Hajawahi kunitukana mama huyu, ni macho tu. Anapima kila kitu kwa macho: chumvi, sabuni, mimi.

5 Januari

Vidole havinyooki. Mgongo si wangu. Kifaranga amenishikilia kama kupe. Nalala.

6 Januari

Sasa niandike vizuri, aje asome mwenyewe akikua.

Chini ya sakafu ya kiwanda kuna birika kubwa la maji ya chumvi. Ni baridi kuliko barafu yenyewe, lakini chumvi inayazuia yasigande. Humo ndani yanazamishwa makopo ya chuma, marefu kama watoto wa shule, yenye maji safi, na hayo ndiyo yanayoganda. Yakishaganda, kopo linavutwa kwa mnyororo, linachovywa kwenye maji ya kawaida, kisha linainamishwa na jiwe la barafu linateleza nje likifuka moshi. Mara ya kwanza kuliona nilitaka kupiga makofi.

Kazi yangu ni kujaza makopo kwa mpira wa maji. La kwanza nililijaza mpaka mdomoni, nikasimama pembeni nisifiwe. Fundi wa mitambo akaja mbio na viatu vyake vya mpira.

"Punguza, binti yangu, punguza! Umelijaza kama unamnywesha ngamia!"

Nikapunguza. Kwa kelele za ile mashine sikuuliza kwa nini.

Lakini nilitaka kuandika habari ya harufu. Baridi ina harufu. Ni kama chuma kilicholowa, na nyuma yake kuna kitu kitamu kwa mbali. Nilipofungua mlango wa chumba cha baridi, wanakohifadhi barafu, nilisimama, kwa sababu ni harufu ya friza ya mama yangu. Tangu tumzike sikuwa nimeisikia tena.

9 Januari

Chupa zimepasuka.

Sikutaka kupoteza hata tone, kwa hiyo nilijaza mpaka juu na kukaza vifuniko kwa nguvu zangu zote. Leo mama mkwe amefungua friza, na chupa mbili zimepasuka ubavuni, vioo vimeganda ndani ya maziwa. Hayafai tena, nani atampa mtoto maziwa yenye kioo?

"Umeona?" akasema. "Hata chupa imekataa."

Nikainama nizoe. Akanishika mkono. "Acha. Utajikata, na mtoto atabebwa na nani?" Akaviokota mwenyewe kwa kitambaa, kimoja kimoja.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikike.

10 Januari, Jumamosi

Wakati wa chai nilimfuata Fundi, nikamweleza habari ya chupa zangu. Hakucheka. Redio ndiye aliyecheka mpaka chai ikampitia puani.

"Kila kitu unachokijua," Fundi akasema, "kikipoa kinajikunyata. Chuma, mafuta, hata mimi. Maji nayo yanajikunyata, mpaka yanapokaribia kuganda. Hapo yanabadilisha nia. Yakiganda yanajinyoosha, yanataka chumba kikubwa zaidi. Ukiyapa maji vikombe kumi, barafu yake itataka nafasi ya karibu vikombe kumi na kimoja. Ukiinyima, inajitafutia yenyewe. Itapasua chupa, itapasua bomba, kopo langu la chuma italitoa tumbo."

"Kwa hiyo yanaongezeka?"

"Yanaongezeka nini? Ukiyaweka kwenye mizani ni yale yale. Nafasi ndiyo imekuwa kubwa. Uzito ule ule ndani ya mwili mpana, ndiyo maana barafu inaelea juu ya maji. Maziwa yako karibu yote ni maji. Yaachie nafasi."

Nilirudi kwenye mpira wangu lakini sikuwa pale. Nilikuwa dirishani kwetu.

Mama yangu alikuwa akiuza barafu za vifuko, maji ya matunda na sukari, kwenye dirisha la chumba chetu. Friza yetu mlango haukushika, tuliufunga kwa mpira wa baiskeli. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya miguu, anateka kwa kikombe, anamimina kwenye kifuko, anasokota, anakaza fundo kwa meno. Vidole vyake vilikuwa baridi siku zote. Nikiwa na homa alikuwa ananiwekea kiganja kwenye paji la uso, na hakuhitaji kitambaa.

Na kila mara vifuko vyake vilikuwa vimelegea. Niliona aibu mbele ya wenzangu wa shule. Nilimwambia, "Mama, jaza! Watasema unawapunja." Mama akacheka na fundo likiwa bado menoni: "Subiri kidogo. Barafu ina tumbo lake." Asubuhi tukifungua friza, vifuko vyote vimetuna, vigumu, vimekaza kama ngoma. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Nilidhani usiku alikuwa anaamka kuongeza.

Leo nimeunganisha, nikiwa na mpira wa maji mkononi, na sina wa kumwambia.

17 Januari

Naacha nafasi ya kidole juu ya kila chupa, na kifuniko sikikazi mpaka yagande. Hakuna iliyopasuka. Kifaranga analishwa kwa kikombe na kijiko, amekaa kwenye mto kama mwenyekiti. Bibi yake bado anasema "maziwa ya samaki," ila leo alisema akiwa anayapasha kwenye bakuli la maji ya moto, na kidole amekitia kupima joto.

22 Januari

Fundi amemuumbua Redio. Alijaza glasi maji mpaka ukingoni, kipande cha barafu kikielea na kutokeza juu. "Hicho kikiyeyuka, maji yatamwagika au hayatamwagika?" Redio: "Yatamwagika! Hata kipofu anaona!" Tulikaa tukaitazama kama sinema. Halikumwagika hata tone. Sehemu inayotokeza juu ni ile nafasi ya ziada tu. Barafu ikirudi kuwa maji inaingia mle mle ilimozama. Redio amefagia chumba kizima kwa adhabu, akisema glasi ilirogwa.

3 Februari

Joto limekuwa la kukasirisha. Watu wanapanga foleni kiwandani kabla geti halijafunguliwa.

Kliniki leo: uzito wa Kifaranga haujapanda. Haujashuka, lakini haujapanda. Nesi alisema tusubiri mwezi ujao. Mama mkwe hakumtazama nesi, alitazama mshale wa mzani.

Usiku mtoto analia, anatafuna ngumi yake, kijiko anakisukuma.

7 Februari

Nikipita jikoni namkuta mama mkwe amesimama mbele ya friza. Akiniona anafunga.

10 Februari, Jumanne

Nimerudi kutoka kazini, Kifaranga amelala. Mama mkwe alikuwa amekaa mezani, na mbele yake chupa moja ya maziwa yaliyoganda. Shingoni mwa chupa kulikuwa na uzi mwekundu wa kushonea umefungwa kwa fundo.

"Kaa," akasema.

Nikakaa na mkoba wangu begani.

"Jana ulipokamua na kwenda kuoga, mimi nilifunga uzi huu. Nilifunga pale pale maziwa yalipoishia. Si juu, si chini. Nimefunga nyuzi maisha yangu yote, sikosei. Sasa tazama."

Nikatazama. Maziwa yalikuwa yamepita uzi. Katikati yalikuwa yameinuka kama kilima, na pembeni pia yalikuwa juu ya uzi, unene wa kidole chembamba.

"Maziwa yamezaa?" akaniuliza. "Usiku ule ule, ndani ya friza iliyofungwa, maziwa yamezaa?"

"Mama, yameganda. Yakiganda yanavimba."

"Yanavimba. Maziwa ni donge la unga lenye hamira?"

"Ndivyo barafu ilivyo, Mama. Fundi kazini..."

"Usiniletee fundi! Mtoto haongezeki uzito. Analia. Maziwa yako yamepungua kwa sababu ya kazi, na mimi si mtoto mdogo, naliona hilo titi. Ila chupa zinajaa. Kila asubuhi zimejaa kuliko jioni. Nani anaongeza maji humu?"

Kusema mimi nampa mwanangu maji! Angenipiga kibao nisingeumia hivi.

Akampigia mwanawe simu, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Mume wangu akasema, "Mama, hawezi." Mama akasema, "Nilikuwa nasema hivyo hivyo na mimi: hawezi." Sikuelewa neno hilo. Mume wangu akaniita, na kabla sijajibu mtandao ukakatika.

"Kesho huendi," mama mkwe akasema. "Na chupa hii haitupwi. Mume wako atakuja kuiona mwenyewe."

Akairudisha kwenye friza pamoja na uzi wake.

Nimekaa na Kifaranga mapajani. Naweza kuondoka, kwa dada yangu hakukosi pa kulala. Lakini mwanangu atakua akisikia kwamba mama yake alimtilia maji kwenye maziwa. Na kitu kingine kinanikera: na mimi nilimtuhumu mama yangu kwa jicho hili hili, nikitazama vifuko vilivyolegea. Yeye alicheka tu. Alipata wapi kicheko kile?

11 Februari, Jumatano

Sikwenda kazini. Asubuhi nilimkuta mama mkwe jikoni, nikamwamkia, akaitikia kwa mbali. Nikasema, "Mama, naomba jambo moja tu. Tuiyeyushe ile chupa pamoja. Uikalie wewe, mimi sitaigusa. Kama nimeongeza maji, yakiyeyuka yatabaki juu ya uzi. Nitafungasha leo."

Akanigeukia. "Na usipofungasha?"

"Nitapika chakula cha mchana."

Nadhani karibu acheke.

Akaweka bakuli la maji ya vuguvugu mezani, akaisimamisha chupa ndani, maji ya bakuli yakiwa chini ya uzi. Kiti chake upande huu, changu ule. Kifaranga sakafuni kwenye mkeka anapigana na sufuria.

Barafu haina haraka. Kilima cha katikati kilianza kung'aa, pembeni pakalowa. Hatukuwa na la kufanya ila kukaa, na mtu akikaa namna ile maneno yanatoka yenyewe.

"Kabla ya mume wako nilikuwa na mwingine," mama mkwe akasema. Alikuwa akiiambia chupa, si mimi. "Wa kiume. Nilikuwa nafulia watu, nashinda huko. Nilimwachia mwanamke mmoja, na maziwa ya ng'ombe kwenye chupa. Nikirudi jioni, chupa bado ina maziwa mengi. Nikawa nafurahi, nasema mtoto wangu hana fujo, anabakiza. Kumbe mwenzangu anakunywa, anajazia maji. Mtoto alikonda mbele ya chupa iliyojaa. Majirani waliniambia, nikasema, hawezi, yule hawezi." Akanyoosha kitambaa cha meza kisichokuwa na mkunjo. "Hakufika mwaka."

Nilitaka kumshika mkono ila sikuthubutu. Nikasema, "Pole, Mama." Akasema, "Ya zamani hayo," kwa sauti ambayo haikuwa ya zamani hata kidogo.

Hapo donge la katikati likajiachia kutoka kwenye kioo, likayumba, likaelea. Sote tukainama, nusura tugongane vichwa. Maziwa yaliyoyeyuka yalikuwa yamesimama kwenye uzi. Kwenye uzi wenyewe! Ila donge lilikuwa limetokeza kichwa juu.

Mama mkwe akaninyooshea kidole. "Subiri. Hicho kichwa kikiyeyuka, yatapanda tena."

"Hayatapanda, Mama."

"Yataacha kupandaje? Kile kilicho juu kitakwenda wapi?"

Nilijua jibu, nililiona kwenye glasi ya Redio, lakini nilitazama kana kwamba sijui chochote. Tuliliangalia donge likipungua. Likawa kama yai, likawa kama kifungo. Kifaranga aliacha sufuria akatutazama, nadhani alishangaa watu wazima wamekuwaje.

Kifungo kikaisha. Mama mkwe aliitoa chupa kwenye bakuli, akaifuta, akaiinua usawa wa macho yake karibu na dirisha. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye uzi. Maziwa yalifika pale pale kwenye ukucha.

Alikaa hivyo mpaka nikaogopa ataidondosha.

"Yamerudi," akasema.

"Yamerudi, Mama."

"Hayakuongezwa."

"Hayakuongezwa."

Akaiweka chini. Akajifuta uso kwa upande wa ndani wa upindo wa kanga, akasema joto la mwaka huu limezidi. Kisha akanyanyua kikombe na kijiko, akaniambia bila kunitazama, "Mlete mtoto anywe. Na wewe si ulisema utapika?"

12 Februari

Nimerudi kazini. Msimamizi amefoka, Redio amenitetea mpaka msimamizi akaomba msamaha yeye.

Mume wangu amepiga simu. Kabla sijasema neno nilisikia mama yake akimweleza kwa sauti kubwa namna maziwa yanavyojinyoosha. "Wewe umesoma mpaka wapi hata hulijui hili?"

15 Februari

JINO! Bibi yake amelisikia likigonga kijiko, tik. Kumbe ndilo lililokuwa linamliza na kumkatalisha chakula. Jino moja, dogo kama punje ya mchele, limetusumbua nyumba nzima.

3 Machi

Kliniki. Mshale umepanda! Mama mkwe amemwomba nesi ampime tena, si kwa shaka, anataka tu kuuona ukipanda mara ya pili.

Nimemtazama njiani, amembeba Kifaranga mgongoni, anamwimbia kitu kisicho na maneno. Nilidhani macho yake yananipima mimi. Sasa naona yalikuwa yanalinda mlango ambao mwizi aliwahi kuupitia.

12 Machi

Mama mkwe anawafanyia majirani ile ya glasi na barafu. Amejifunza kwangu lakini husikii jina langu. Mama wa nyumba ya pili aliapa maji yatamwagika mezani. "Kaa hapo," mama mkwe akamwambia, "usipepese macho." Yalipokosa kumwagika alijinyoosha kama aliyeiumba barafu yeye mwenyewe.

20 Machi

Upepo umegeuka. Fundi anasema siku za kiwanda kutuhitaji zimebaki chache. Ameniambia mwakani nirudi, sitaanza na mpira, atanifundisha mnyororo. Nimefurahi, kisha nikahuzunika. Harufu ile nitaikosa. Leo kabla ya kutoka nimefungua mlango wa chumba cha baridi bila sababu, nikasimama, nikafunga.

29 Machi, Jumapili

Mawingu tangu asubuhi, lakini joto bado. Kwenye friza imebaki chupa moja ya maziwa, na Kifaranga ameshaanza kula uji. Friza ina nafasi. Mama mkwe akasema tuwagandishie watoto wa mtaani vifuko vya maji ya matunda, bure, kabla mvua haijawakatia hamu.

Nilikuwa chumbani nambadilisha mtoto, mlango wazi. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, ndoo katikati ya miguu, anamimina kwa kikombe, anasokota, anafunga fundo. Uzi mwekundu ulikuwa shingoni mwa chupa tupu pale dirishani. Hajaufungua tangu siku ile, na mimi sijaufungua.

Binti mdogo wa jirani, yule mwenye mdomo mrefu, akaja kuchungulia kwa nje.

"Bibi, mbona hujajaza? Tazama, vimelegea. Unatupunja!"

Nikasimama na nepi mkononi.

Mama mkwe hakuinua kichwa. Fundo lilikuwa menoni, akacheka nalo hivyo hivyo.

"Subiri kidogo," akasema. "Barafu ina tumbo lake."

Maneno hayo ya mama yangu nilimsimulia siku moja tu, zamani, tukiosha vyombo, na sikujua kama alikuwa anasikiliza. Hakuwahi kumwona mama yangu.

Tone la kwanza la mvua likapiga bati, kisha la pili. Nikamweka Kifaranga kitandani, nikasema, "Nguo zitalowa, Mama, ngoja nianue," nikatoka mbio. Kamba ilikuwa tupu. Tulikuwa tumeanua tangu mchana, yeye na mimi.

Nilisimama tu pale chini ya kamba. Mama mkwe aliniona kwa dirisha, akaniacha nilowe.